Ruhusa ya Kushuka Bondeni

Pale hospitalini kila mtu alijua kwamba chumba cha redio si mahali pa kuingia na kikombe cha chai. Mama Pacha, mwenye chumba, alikuwa mtu wa watu, lakini mwisho wa ukarimu wake ulikuwa kizingitini. Ukikivuka na kikombe mkononi ungepewa vidonge vyako hapo hapo, uwe mfagizi, uwe daktari. Meza yake ilikuwa safi kuliko meza ya upasuaji, na aliyesema hivyo ni muuguzi wa chumba cha upasuaji mwenyewe, tena kwa wivu. Kila waya ulikuwa umefungwa kwa kipande cha bendeji nyeupe, fundo dogo, ncha zimekatwa sawasawa. Mtu akimwuliza kwa nini anapoteza bendeji za wagonjwa, alijibu kwamba hata waya hupata majeraha.

Ujanani alikuwa opereta wa simu, enzi za kuchomeka waya kwa mkono na kusikiliza watu wakigombana. Kazi hiyo ilipokufa, hospitali ikamchukua atunze stoo na redio. Stoo aliichukia waziwazi. Redio aliipenda kupita kiasi, hadi mumewe akawa anawaambia watu kwamba amemwoa mwanamke mwenye mume mwingine wa bati.

Huyo mume alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mrefu, mpole, mwenye subira ya kuudhi. Madereva wenzake walimwita Ruhusa, na jina hilo lilitoka njia panda. Barabara ya kurudi kutoka zahanati za ng'ambo ya mto ilifika mahali ikagawanyika. Moja ilishuka bondeni mpaka darajani, nyingine ilizunguka juu ya vilima, mto unakoanzia, ndefu, yenye kona za kutapisha. Huko juu mtandao wa simu haukuwepo hata wa kubahatisha. Kwa hiyo Ruhusa alisimama njia panda, akaita kwa redio, akangoja mkewe aulize habari za daraja na kumjibu "shuka" au "zunguka". Wenzake walitazama mawingu wakashuka. Yeye asipojibiwa hang'oki, hata jua liwe linawaka mpaka kofia inanuka.

"Huyu hawezi hata kupiga chafya bila mkewe kusema ndiyo," dereva mmoja mwenye mdomo mpana alikuwa akitangaza kwenye chumba cha chai, na ndiye aliyembandika jina. Ruhusa alicheka pamoja nao. Mama Pacha hakucheka. Aliona haya kwa niaba ya mumewe, na haya zilipokaa muda mrefu zikageuka hasira.

Kisha radi iliiunguza redio ya zamani, ikaletwa mpya ya aina nyingine kabisa. Ilikuwa kisanduku kidogo, kama cha kuwekea sabuni, kilichochomekwa kwenye kompyuta. Kazi iliyofanywa zamani na koili na vifundo vya kuzungusha sasa ilifanywa na programu; kisanduku kilikusanya mawimbi tu na kuyakabidhi kwa kompyuta, au kilipokea kutoka kwa kompyuta na kuyatoa nje. Kutoka kisandukuni waya ulikwenda kwenye amplifaya ya kuongeza nguvu, na kutoka hapo ukapanda mlingotini juu ya paa. Mama Pacha alikaa na kitu hicho, akakisemesha, akakitukana, mpaka kikamtii. Akamwambia Daktari, yule mama aliyekuwa mganga mkuu wa hospitali, kwamba sasa hata mende akikohoa ng'ambo ya mto tutamsikia. Kichwa kilikuwa kimevimba kidogo, tuseme ukweli.

Ndipo asubuhi moja, Ruhusa akifunga kamba za viatu kwenda kumchukua mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu kwenye zahanati ya mbali, Mama Pacha akamtolea uvivu.

"Baba Pacha, leo usijiweke pale njia panda kama mtoto anayeomba kwenda chooni. Mashine ni mpya. Ukifika, ita mara moja. Nikiwa na neno nitalisema. Nikinyamaza, ujue njia nyeupe, shuka."

"Ukinyamaza nishuke?"

"Ndiyo. Watu wamechoka kutucheka."

"Sawa, bosi," alisema, akambusu kwenye paji la uso na kutoka. Walisemeshana tena kwa redio gari likiwa darajani, sauti safi kama wako sebule moja, akavuka akaenda zake.

Baadaye Daktari akapita kusema kuna wageni watakaokuja kuiona redio mpya. Mama Pacha akaitazama meza yake kwa jicho la wageni na kuona aibu: waya wa kwenda kwenye amplifaya ulikuwa umekunjika vibaya, umejitokeza kama goti. Akaufungua, akaupitisha nyuma ya kompyuta, akauchomeka tena. Sasa ulilala vizuri. Akaufunga kwa bendeji na kuujaribu: akawasha redio ya mkononi palepale mezani, akabonyeza kitufe, akasema "Hapa Kituo", na redio ya mkononi ikamrudishia maneno yake bila mkwaruzo. Akaridhika. Wageni wenyewe hawakuja, kwa sababu mvua ilishika vilima tangu saa hiyo na haikutaka kuachia.

Mvua ilikuwa bado inapiga mabati simu ya mezani ilipolia. Alikuwa msimamizi wa barabara, yule anayekaa karibu na daraja.

"Mama, daraja limeliwa chini. Ukilitazama juu unaona zima, lakini tuta la ng'ambo limebaki ganda tu. Gari likikanyaga linaondoka nalo. Upande huu nimeweka matawi na mawe."

"Na upande wa pili?"

"Nitafikaje upande wa pili, mama yangu? Hakuna mtu kule."

Mama Pacha hakuaga hata. Ruhusa alikuwa upande wa pili. Alikuwa nyuma ya usukani na mama mwenye mimba nyuma yake, na muuguzi, na ndugu wa mgonjwa, wakikaribia njia panda, na alikuwa ameagizwa na mke wake mwenyewe kwamba kimya maana yake shuka.

Akabonyeza kitufe. "Gari, Gari, hapa Kituo. Usishuke bondeni. Narudia, usishuke, zunguka juu. Ova."

Redio ya mkononi iliyokuwa mezani ikarudia kila neno. Kwenye kipaza sauti cha kompyuta hakukuwa na jibu ila mvumo wa hewa tupu. Akarudia. Akarudia tena polepole, akitamka kama anayemfundisha mtoto kusoma. Akapiga simu ya mumewe, ingawa alijua. Yule mwanamke wa mtandao, asiye na haraka na maisha ya mtu, akamjulisha kwamba mteja anayempigia hapatikani.

Daktari akaingia, koti limelowa mabegani. Alikuwa ameshasikia, maana habari mbaya hospitalini haihitaji redio. "Chumba cha upasuaji kiko tayari. Anakusikia?"

"Ananisikia, Daktari. Sikiliza mwenyewe, sauti inatoka." Akaionyesha redio ya mkononi. "Tatizo liko kwenye kupokea. Anajibu, mimi ndiye simpati."

Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyefundishwa na mashine zake kutokuwa na shaka. Na kwa kuwa aliamini hivyo, alielekeza akili yake yote mahali pasipo na faida. Kwenye kioo cha kompyuta mawimbi yalionekana kama nyasi fupi zinazotikisika, na chini yake rangi ya buluu ikiteremka taratibu, dalili ya ukimya. Akaongeza uwezo wa kusikia mpaka nyasi zikapanda na kioo kikajaa takataka. Akaupunguza. Akazima programu na kuiwasha.

Ghafla akaona mstari umesimama wima katikati kabisa ya kioo, juu ya nyasi, kama mwiba.

"Huyo!" Akakigusa kioo kwa kidole. "Daktari, huyo hapo, amebonyeza kitufe!"

Daktari akainama, mkono kifuani. "Mbona hasemi?"

Mama Pacha alikuwa ameshaanza kujiuliza hilo hilo. Mwiba haukutikisika, haukupumua, haukuwa na sauti ya mtu ndani yake. Akahamisha masafa kidogo pembeni. Kama ungekuwa wa Ruhusa, ungebaki kwenye masafa yake na kuonekana ukisogea upande mmoja wa kioo. Haukusogea. Popote alipohamia, mwiba ulikuwa katikati, umemkodolea macho. Akajua. Visanduku vya aina hii vyote vina mwiba huo. Ni kelele ya kifaa chenyewe, kinajisikia chenyewe. Alishausoma, alishauona mara nyingi siku za kujifunza, na leo kwa kutaka sana kumwona mumewe alikuwa karibu kuusalimia.

"Si yeye," alisema. "Ni mashine inajisikia yenyewe."

Maneno yale yalibaki mdomoni kama mchanga. Akageuza kichwa polepole, akaitazama redio ya mkononi, iliyokaa mezani kiasi cha shubiri mbili kutoka kwenye kisanduku. Inajisikia yenyewe. Na wewe, Mama Pacha, umekuwa ukimsikiliza nani tangu asubuhi?

Akaikwapua redio ya mkononi na kukimbilia barazani. "Mzee! Mzee wa geti!"

Mlinzi alitoka kibandani na mwavuli, akianza kusimulia jinsi mvua kama hii ilivyowahi kubeba ng'ombe wa shemeji yake. Mama Pacha akamtia redio mkononi. "Shikamoo, mzee, habari za ng'ombe baadaye. Nenda nayo mpaka getini. Ukinisikia, inua mwavuli juu. Usiponisikia, uteremshe."

"Marahaba, mwanangu. Hata kama nalowa?"

"Hata kama unazama!"

Akarudi dirishani, akabonyeza kitufe na kuanza kuhesabu kwa sauti. Mzee alitembea. Mwavuli ulikuwa juu alipopita tangi la maji. Ulikuwa juu alipofika kwenye kamba za kuanikia mashuka. Akapiga hatua chache tena, akasimama, akaigonga redio kwa kiganja, akaipeleka sikioni. Kisha mwavuli ukashuka, na mvua ikampiga kichwani.

Geti lenyewe alikuwa hajalifikia.

"Hanisikii," Mama Pacha alisema. Daktari alikuwa nyuma yake na ilimbidi amwambie mtu. "Daktari, nimekudanganya. Baba Pacha hanisikii. Hakuna mtu anayenisikia. Nimekuwa nikiongea na meza yangu, na yeye nimemwambia nikinyamaza ashuke."

Daktari hakumlaumu. Alisema kitu kigumu zaidi kuliko lawama. "Haya, tengeneza."

Mama Pacha alitamani kulia, akajikaza kisabuni. Alianza juu kushuka chini, jinsi alivyofundishwa na waya za simu. Mlingoti ulisimama, aliuona kupitia dirishani. Waya wa ukutani ulikuwa umekaza. Akaweka kiganja juu ya amplifaya. Kwa jinsi alivyokuwa amerusha maneno tangu simu ilie, bati lile lilipaswa kuwa moto wa kuivisha yai. Lilikuwa baridi kama mtungi. Maana yake nguvu haikupita hapo hata kidogo. Iliishia kabla, ndani ya kisanduku au mlangoni pake.

Akaufuata waya kwa kidole, nyuma ya kompyuta, juu ya fundo la bendeji, mpaka kwenye kisanduku. Kisanduku kilikuwa na matundu mawili yanayofanana kama pacha wake. La kwanza lilikuwa la kurusha na kupokea. La pili lilikuwa la kupokea tu. Waya ulikuwa kwenye la pili. Kwa njia mpya aliyoupitisha asubuhi, hilo ndilo lililokuwa karibu; hilo ndilo lililoufanya ulale vizuri. Programu ilikuwa ikirusha na kusikiliza kwenye tundu la kwanza, lililokuwa wazi, halina kitu. Kisichotoka kwa waya kilivuja kwa karibu tu, kikatosha kuidanganya redio iliyowekwa jirani, na kumdanganya mwenye redio.

Fundo la bendeji likagoma kufunguka. Akalikata kwa meno. Akafungua waya, akauhamishia tundu la kwanza, ukajikunja vibaya, ukajitokeza kama goti, akauacha hivyo hivyo. Sasa hofu ilikuwa moja: kisanduku kimerusha muda wote huo bila antena, na vitu hivi huweza kuungua kwa kurudishiwa nguvu yake. Akaweka kiganja kwenye amplifaya na kubonyeza kitufe kwa mkono mwingine.

"Gari, Gari, hapa Kituo. Usishuke. Daraja limeliwa chini. Zunguka juu. Usishuke."

Kwa muda hakuhisi kitu. Kisha bati likaanza kupata uvuguvugu chini ya vidole vyake, na huko nje mzee akauinua mwavuli juu na kuutikisa kama aliyefunga goli.

"Imetoka," Daktari alinong'ona.

"Imetoka. Lakini yeye yuko wapi?"

Akaita tena. Kipaza sauti kilivuma tu. Alikaza macho kwenye ile rangi ya buluu mpaka yakamuuma, na pembeni, kando ya mahali alipokuwa akisikiliza, akaona uzi mwembamba wa njano ukikatika na kuungana. Redio kuukuu ya garini ikipata joto huhama kidogo kutoka masafa yake. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ikakaa sawa. Na uzi huu haukuwa mwiba wa katikati. Huu ulikuwa ukipumua. Akasogeza usikivu wa programu juu yake, na chumba kikajaa kelele ya injini, mtu analia kwa uchungu, na sauti aliyoifahamu kuliko yake mwenyewe.

"...rudia, Kituo. Umesema nini? Nimeshuka. Nimeshuka kona mbili, mgonjwa ana hali mbaya. Rudia, ova."

"Simama!" Alisahau gari, akasahau kituo, akasahau ova. "Baba Pacha, simama hapo hapo! Daraja halina miguu! Rudi nyuma, pita juu!"

Kelele ya breki.

"Nimesimama," sauti ilisema. "Narudi kinyumenyume. Usiniache, endelea kusema."

Akaendelea kusema. Kona zote za juu alimpitisha kwa mdomo, akimwomba radhi na kumfokea kwa zamu, mkono mmoja juu ya amplifaya iliyochemka. Daktari naye akachukua kipaza sauti na kumwelekeza muuguzi wa garini jinsi ya kumlaza mgonjwa na wapi pa kukandamiza. Jioni haijaingia, gari likapiga kona getini likiwa rangi ya tope. Mama alipelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji, na baadaye sauti nyembamba ya kitoto ikasikika ukumbini, ikilalamika kuhusu dunia alikoletwa. Mama yake alikuwa amepungukiwa damu, lakini alikuwa hai.

Ruhusa alikuja kusimama kwenye kizingiti cha chumba cha redio. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na siku hiyo hakuna aliyemkataza kuingia.

"Ulifika njia panda muda mrefu kabla hujanisikia," Mama Pacha alisema. "Nimepiga hesabu. Ulipaswa kuwa mtoni kabla sijaurekebisha huo waya. Nilikuambia nikinyamaza ushuke."

"Uliniambia."

"Sasa ulikuwa wapi?"

Akatazama chai yake. "Pale pale. Niliita, ukanyamaza, nikawasha gari, mguu ukakataa. Nimezoea kukusikia kwanza. Ndugu wa mgonjwa wakaniuliza, dereva, unamngoja nani? Nikawaambia namngoja mke wangu. Wakanitukana, Mama Pacha, matusi mengine hata sikuyajua. Nikangoja mpaka muuguzi akasema damu imezidi. Ndipo nikashuka."

Mama Pacha alimpokonya kikombe, akakiweka juu ya meza yake safi, katikati ya waya, akamshika mumewe kwa mikono miwili na kulia bila kujificha.

Tundu la pili aliliziba kwa plasta. Redio ya mkononi ikahamishiwa kwa mzee wa geti, na kila asubuhi huinua mwavuli, mvua ipo au haipo.

Siku chache baadaye, mbingu ikiwa nyeupe na daraja limeshatengenezwa, sauti iliingia kutoka njia panda. Hakuwa Ruhusa, aliyekuwa mapumzikoni. Alikuwa yule dereva wa mdomo mpana.

"Kituo, hapa Gari. Niko njia panda." Akakohoa kidogo. "Nangoja, Mama Pacha."

Mama Pacha alimpigia simu msimamizi wa barabara, akauliza, akashukuru. Kisha akaweka kiganja juu ya amplifaya na kubonyeza kitufe, akangoja bati lipate joto kabla ya kusema neno.

"Shuka," alisema.